Wasomaji Wauliza: Taka Zisiishie Dampo, Tuanzie Wapi?

Barua za toleo hili zimetoka kwa diwani, wenye biashara, viongozi wa majengo ya kupanga na watu wanaotenganisha taka jikoni mwao. Majina tumeyaacha, maswali tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Mimi ni diwani. Baraza letu linataka sheria ndogo ya kupunguza taka zinazokwenda dampo. Wapo wanaotaka marufuku, wapo wanaotaka tozo, na mwenzetu mmoja anataka tununue mapipa ya rangi tatu tugawe kila nyumba. Lipi lianze?

JIBU: Mheshimiwa, anzeni na mizani. Dampo lisilo na mizani ya magari getini lina hesabu ya safari tu, na lori lililojaa majani makavu haliwi sawa na lori lile lile likijaa masalia ya sokoni. Bila uzito hamtaweza kutoza kwa haki wala kumbana mkandarasi, na baada ya miaka miwili hamtajua kama sheria imefanya kazi au imekaa kabatini.

Kisha mjue kilichomo ndani ya taka zenu. Kazi hii haihitaji mashine. Kwa wiki nzima chagueni malori kutoka maeneo tofauti: makazi ya wenye kipato kikubwa, makazi ya wenye kipato kidogo, sokoni, mitaa ya ofisi. Kila lori limwage mzigo kwenye turubai au sakafu ya zege. Mchanganye kwa beleshi, mgawe lundo pande nne, mchukue pande mbili zinazotazamana, mchanganye na kugawa tena, hadi mbaki na kilo 90 hadi 140. Hizo ndizo za kuchambua kwa mkono: zinazooza, karatasi na maboksi, plastiki ngumu, plastiki laini, chuma na alumini, vioo, nguo, nepi, taka hatari, na mabaki mengine. Kila fungu lipimwe peke yake. Wachambuzi wavae glovu nene na viatu vinavyofunika mguu, maana sindano hazikosekani. Zoezi lirudiwe msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, kwa sababu karatasi iliyolowa huongeza uzito na kupotosha asilimia. Kosa linalojirudia ni kuchukua sampuli baada ya waokota taka kupita. Hapo chupa na vyuma vimeshaondoka, na ripoti itasema wananchi hawatupi chupa.

Katika miji mingi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya uzito huwa ni taka zinazooza. Zikizikwa pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hulipasha anga joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Majimaji yake meusi huchuruzika yakibeba sumu za betri na rangi kuelekea visimani. Ndizo pia zinazochafua karatasi na plastiki ambazo zingeuzika. Baraza linalotangaza vita dhidi ya chupa huku taka zinazooza zikiendelea kuzikwa litapata picha nzuri magazetini, na dampo litajaa tarehe ileile.

Tozo ya dampo hufanya kazi ikipanda kwa ratiba inayojulikana. Uingereza ilianza Oktoba 1996 kwa pauni 7 kwa tani, kiasi ambacho hakikumshtua mtu. Mambo yalibadilika ilipotangazwa mapema kwamba itakuwa inapanda mwaka hadi mwaka: mwaka 2014 ikafika pauni 80, na mwaka 2025 ikawa pauni 126.15. Mwenye mtaji alijua kwamba kiwanda cha kuchambua taka anachokijenga leo kitakuwa na wateja miaka mitano ijayo. Tozo inayopandishwa ghafla kwenye bajeti ya mwaka huu na kushushwa mwaka wa uchaguzi haimshawishi mtu kujenga kitu.

Tozo ina magonjwa mawili. La kwanza ni utupaji wa usiku makorongoni na kando ya barabara, kwa hiyo fedha za wakaguzi ziandikwe ndani ya sheria hiyohiyo, zisiachwe kwa huruma ya bajeti ya mwaka. La pili ni udanganyifu wa jina la mzigo. Udongo na kifusi hutozwa kidogo sana kule Uingereza, hivyo ikawa faida kuziita chenga zilizochekechwa kutoka kwenye taka mchanganyiko kuwa ni udongo. Dawa iliyopatikana ni kuchoma sampuli maabara na kuangalia uzito unaopotea: ukipotea mwingi, ndani mna mbao, karatasi na plastiki, na mzigo unalipiwa kiwango kamili.

Marufuku ije baada ya mahali pa kupeleka taka kuwapo. Korea Kusini ilianza kuwatoza watu kwa mfuko wa taka mwaka 1995, na ikasubiri hadi 2005 kukataza masalia ya chakula kuzikwa moja kwa moja. Katikati hapo vilijengwa vituo vya kuyageuza mbolea na lishe ya mifugo. Mapipa ya rangi tatu ndiyo ya mwisho kununuliwa, mkishajua gari litakalokuja kuyachukua ni la namna gani.

SWALI: Nyumbani tunatenganisha taka kwa uaminifu. Gari likija, vijana wanarusha kila kitu pamoja. Tuendelee kujisumbua?

JIBU: Mama, kwanza chungulia nyuma ya gari. Yapo malori yenye kizuizi katikati, ambayo kwa mbali huonekana yanachanganya kumbe kila upande una mzigo wake. Ipo pia mitaa ambako taka kavu zote huwekwa pamoja kwa makusudi na kuchambuliwa kituoni. Hapo hujapoteza kitu.

Kama kweli taka zinazooza zinachanganywa na zile kavu, tatizo huwa limeandikwa kwenye mkataba. Mkandarasi anayelipwa kwa kila tani aliyoifikisha dampo ana sababu ya kuchanganya, na hata ya kuongeza mchanga. Mkiwa na nafasi ya kukutana na halmashauri, msilalamikie vijana wa gari. Ombeni vifungu vitatu vibadilike. Malipo ya msingi yawe kwa idadi ya nyumba zilizohudumiwa. Juu yake kuwe na nyongeza kwa kila tani ya taka kavu iliyopokelewa na mnunuzi, kwa stakabadhi ya mizani ya mnunuzi huyo. Na kuwe na makato kwa kila gari litakalokutwa limechanganya.

Pasipo fedha za lori la pili, suluhisho rahisi ni siku: zinazooza zichukuliwe mara tatu kwa wiki, kavu mara moja, na gari likikuta kisichokuwa cha siku yake likiache hapo na kibandiko kinachoeleza sababu. Kibandiko kisicho na maelezo huzaa ugomvi tu, kwa sababu mwenye nyumba haelewi amekosea nini.

Kwa upande wako, vyombo vitatu vinatosha. Ndoo ya lita 7 hadi 10 yenye mfuniko kwa zinazooza, na gazeti kavu chini yake kunyonya maji. Gunia kwa kavu. Kopo dogo kwa betri, balbu na sindano. Ncha za betri za lithiamu zifunikwe kwa utepe wa gundi, maana zikigusana ndani ya lori linaloshindilia huwaka moto, na lori zima huteketea. Makopo na chupa hayahitaji sabuni. Yamiminwe hadi yakauke, kisha yasuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Karatasi yenye mafuta usiitie kwenye gunia; iende kwenye ndoo ya zinazooza, kwa sababu mafuta hayatoki kwenye rojo la kutengenezea karatasi na huacha madoa na matundu kwenye karatasi mpya.

SWALI: Nasimamia jengo la ofisi lenye kantini. Tunalipia kontena la lita 1,100 kila linapoinuliwa, na gharama inapanda. Serikali nazo zinaanza kulazimisha biashara kutenganisha. Nifanye nini kwa mpangilio gani?

JIBU: Ulazima huo ni kweli unaenea. Wales ilizitaka sehemu za kazi kutenganisha tangu Aprili 2024, na ikakataza biashara kumwaga masalia ya chakula kwenye bomba la maji taka. England ikafuata Machi 31, 2025 kwa waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi: masalia ya chakula peke yake, karatasi peke yake, na plastiki, chuma na kioo kwa utaratibu wake. Hata pasipo sheria, hesabu yenyewe inatosha kukushawishi.

Kwa wiki mbili, kila kabla ya gari kufika, fungua mfuniko, piga picha, andika kontena limejaa kiasi gani. Tuseme linainuliwa mara 6 kwa wiki: unalipia lita 6,600. Ukikuta kwa wastani limejaa robo tatu, lita 1,650 ulizolipia ni hewa. Katika zile 4,950 zilizobaki, maboksi yasiyokunjuliwa huchukua nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Tuseme lita 2,000. Yatoe, zinabaki 2,950, ambazo zinaingia kwenye safari 3. Hapo hujagusa chakula bado.

Maboksi yakatwe utepe wa gundi, yalazwe bapa na kufungwa kamba yakiwa makavu, yawekwe juu ya mbao na chini ya paa. Boksi lililolowa hununuliwa kwa bei ya chini au hukataliwa, kwa sababu mnunuzi hataki kulipia maji. Mashine ya kufunga marobota ina maana ukiwa na mzigo wa kuijaza mara kwa mara. Kabla ya hapo inakula umeme na nafasi. Muulize mnunuzi anataka robota la uzito gani na vipimo gani kabla hujanunua, maana robota ambalo gari lake haliwezi kulipakia halitachukuliwa.

Masalia ya kantini ni mazito. Pipa la lita 240 likijaa hupita kilo 100, magurudumu huvunjika na mfanyakazi huumia mgongo. Tumia la lita 120, ndani liwe na mfuko uliokubaliwa na kituo cha mboji, lioshwe kila linapomwagwa, lisikae zaidi ya siku mbili kwenye joto. Panga vyombo vitatu vya kukusanyia jikoni: maganda ya maandalizi, chakula kilichopikwa kisichouzwa, na mabaki ya sahani. Pima kila kimoja kila siku. Cha kwanza kikizidi, tatizo ni visu na ununuzi. Cha pili, mnapika kupita kiasi. Cha tatu, sahani ni kubwa. Mara nyingi upungufu mkubwa kabisa hutokea hapa, kabla ya taka kuwa taka.

Ofisini, ondoa vikapu vya chini ya kila meza. Weka vituo ambavyo pipa la taka mchanganyiko na la kurejelezwa vinakaa bega kwa bega, kila mahali, bila ubaguzi. Pipa la kurejelezwa likisimama peke yake litakuwa la taka zote, na la taka likisimama peke yake litapokea chupa zote. Mdomo wa pipa la chupa uwe tundu la duara, wa karatasi uwe upenyo mwembamba. Bango lioneshe picha za vitu halisi vinavyouzwa kantini kwenu, wala si alama za jumla. Wasafishaji wafundishwe kabla ya wengine wote, kwa saa za kazi, na wapewe mifuko ya rangi tofauti. Wakipewa mfuko mweusi mmoja na toroli moja, kazi ya jengo zima inaishia kwenye ngazi za nyuma.

Ukiwa na takwimu za wiki mbili, rudi kwa mkandarasi. Dai haki ya kupunguza idadi ya safari kwa taarifa ya siku 30, uzito wa kila aina ya taka uandikwe kwenye ankara, na jina la kituo kinachopokea. Asiyetaka kutaja kituo amekujibu tayari.

SWALI: Kikundi chetu kinatengeneza mboji kwa taka za soko. Lundo linanuka na majirani wanataka lifungwe.

JIBU: Harufu ya yai bovu au ya tindikali maana yake ni kukosa hewa, harufu kali inayowasha pua ni amonia, yaani naitrojeni imezidi. Yote mawili hutokana na masalia mabichi mengi kuliko vitu vikavu. Kwa kila ndoo ya mabichi tieni ndoo mbili hadi tatu za majani makavu, maranda au vijiti vilivyosagwa. Lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Kamata konzi moja na uibane: matone machache yakitoka kati ya vidole ni sawa, maji yakichirizika ongeza kavu, isiposhikamana kabisa nyunyiza maji.

Lundo lisipite kimo cha meta 2, la sivyo uzito wake hukandamiza hewa ya chini. Tumbukizeni kipimajoto kirefu katikati. Kwa lundo la wazi linalopinduliwa, kipimo kinachotumika Marekani cha kuua vimelea ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, likipinduliwa mara 5 ndani ya siku hizo. Likipita 65 lipindueni mapema, kwani hata vijidudu vinavyofanya kazi hufa. Pindueni asubuhi upepo ukiwa hauelekei kwenye nyumba, kisha mfunike uso wote kwa mboji iliyokomaa unene wa sentimeta 10. Hiyo hunasa harufu kuliko turubai. Vipande vya plastiki viondolewe kabla ya kulundika. Baada ya miezi mitatu vimeshakatika kuwa vidogo na hakuna chekeche litakalovitoa vyote.

SWALI: Jengo letu lina nyumba 48. Tumefikiria kila mpangaji alipie mifuko anayotupa. Itafanikiwa?

JIBU: Kwa nyumba zinazojitegemea, mfumo huu una ushahidi mzuri. Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani, walipoanza mwaka 1992 kuuza stika ya senti 80 kwa kila mfuko, watafiti walipima taka za kaya kwa mkono. Idadi ya mifuko ilipungua kwa asilimia 37, lakini uzito ulipungua kwa asilimia 14 tu. Watu walijifunza kushindilia. Anayetoza kwa mfuko anauza nafasi, na mnunuzi ataitumia hadi kona ya mwisho.

Jengo lenu lina ugumu wa ziada: pipa ni la pamoja, na asiyenunua mfuko halali atatupa usiku bila kujulikana. Korea Kusini walitatua hili kwa upande wa masalia ya chakula kwa pipa lenye kufuli, kadi na mizani. Mpangaji anagusisha kadi, mfuniko unafunguka, uzito unaandikwa kwenye bili yake. Bila kifaa hicho, msitoze mfuko mmoja mmoja. Gawanyeni bili ya taka mara mbili: sehemu ya kudumu kwa kila nyumba, na sehemu inayobadilika kwa jengo zima kulingana na idadi ya makontena yaliyoinuliwa mwezi huo, ikibandikwa ubaoni. Inasukuma watu polepole, lakini haiwageuzi majirani kuwa wapelelezi.

Kama jengo lina bomba la kudondoshea taka kutoka ghorofani, lifungeni. Maadamu kutupa kila kitu pamoja ni hatua tatu kutoka mlangoni na kutenganisha ni ghorofa sita kushuka, hakuna bango litakaloshinda. Wenye watoto wachanga na wagonjwa wanaotumia nepi wapewe nafuu kabla hawajaiomba.

SWALI: Nina duka dogo. Nasikia kuna mpango wa amana kwenye chupa za plastiki na makopo. Nitageuzwa kituo cha taka?

JIBU: Kidogo, ndiyo, ila mfumo uliotungwa vizuri hukulipa. Fedha huzunguka hivi. Mzalishaji humpa msimamizi wa mfumo amana ya kila chupa anayoiingiza sokoni, naye anaidai kwako unaponunua mzigo, nawe unaidai kwa mteja. Mteja akirudisha chupa unamlipa amana yake, kisha msimamizi anakurudishia pamoja na ujira wa kila chupa uliyopokea. Kinachokuumiza ni muda: ukilipwa baada ya siku 45, mtaji wako umekaa kwenye magunia. Chama cha wenye maduka kipiganie siku za malipo kwanza, ujira baadaye.

Nafasi nayo si ndogo, kwani gunia la lita 240 hujaa kwa chupa za nusu lita mia mbili na kitu zisizobanwa. Ujerumani, iliyoanza amana ya vyombo vya kutumika mara moja mwaka 2003 na sasa ikitoza senti 25 za euro, inayaruhusu maduka yaliyo chini ya meta za mraba 200 kupokea chapa zile tu yanazouza.

Angalia pia kiwango cha amana. Oregon, Marekani, yenye sheria ya amana tangu 1971, iliweka kifungu kwamba urejeshaji ukishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana ipande kutoka senti 5 hadi 10. Ilipanda Aprili 2017 na chupa zikaanza kurudi kwa wingi. Kifungu kama hicho ndicho cha kudai, kwa sababu mfumuko wa bei hula amana kimyakimya. Lithuania, iliyoanza 2016, ilivuka asilimia 90 ndani ya miaka miwili.

Udanganyifu upo: chupa moja kulipwa mara mbili, au chupa za eneo lisilo na amana kuvushwa. Ndiyo maana kuna alama maalumu kwenye lebo, na mashine hutoboa au kuponda chupa papo hapo. Kwa duka lisilo na mashine, magunia hufungwa kwa lakiri yenye namba na kuhesabiwa kituoni. Hesabu yako mwenyewe uiandike kabla ya kufunga.

SWALI: Pembetatu yenye namba chini ya chupa inamaanisha chupa hiyo itarejelezwa?

JIBU: Hapana. Inataja aina ya plastiki tu. Namba 1 na 2 zina wanunuzi karibu kila mahali, 5 kwa kiasi, 3, 6 na 7 kwa nadra. Kuwa mwangalifu na namba 3, yaani PVC, plastiki ya mabomba. Ikichanganyika na namba 1, hata kidogo, huungua kwenye joto la kuyeyushia namba 1 na kutoa tindikali inayokula mashine na kugeuza plastiki yote manjano. Vifuniko vya chupa uviache vimefungwa kama mnunuzi wako hajakataza. Kiwandani chupa za namba 1 huzama majini, vifuniko huelea, na hivyo hutengana vyenyewe.

SWALI: Kwa nini tusichome zote tupate umeme?

JIBU: Taka zenye masalia mengi zina maji mengi, na sehemu kubwa ya moto huishia kuyakausha. Majivu yanayobaki, mara nyingi robo au moja ya tano ya uzito, bado yanahitaji dampo, na yale laini yanayonaswa kwenye vichujio vya moshi huhesabiwa kuwa taka hatari. Isome hasa sehemu ya mkataba inayosema halmashauri italeta tani kadhaa kwa mwaka au italipa faini. Mikataba hii hudumu miaka 20 au 25, na katika muda huo wote kila boksi mnalolirejeleza linawasogeza karibu na faini.

SWALI: Gazeti linasema mji fulani unarejeleza asilimia 60. Niamini?

JIBU: Uliza wamepima wapi. Tani zilizokusanywa kwenye mapipa ya kurejelezwa si tani zilizorejelezwa. Sehemu yake hutupwa kwenye mkanda wa kuchambulia, na nyingine hupotea wakati wa kuosha. Umoja wa Ulaya ulilirekebisha hili mwaka 2018: uzito sasa huhesabiwa pale mzigo unapoingia kwenye mchakato wenyewe wa kurejeleza, baada ya kuchambuliwa, na lengo ni asilimia 65 ya taka za miji ifikapo 2035, huku zinazozikwa zisizidi asilimia 10.

Uliza pia kama kifusi cha ujenzi kimo ndani ya hesabu. Ni kizito, hurejelezwa kirahisi kwa kusagwa, na huinua asilimia ya mji wowote. Kisha uliza mzigo uliosafirishwa nje ulihesabiwaje. China ilipofunga mlango kwa taka za nje mwanzoni mwa 2018 na kutaka uchafu usizidi asilimia 0.5 kwa zilizobaki kuruhusiwa, nchi nyingi ziligundua kwamba kile zilichokiita urejelezaji kilikuwa usafirishaji.

Takwimu ngumu zaidi kuipamba ni kilo zilizozikwa au kuchomwa kwa kila mkazi kwa mwaka. Ikishuka miaka mitatu mfululizo pasipo utupaji wa kando ya barabara kuongezeka, sera inafanya kazi, hata kama asilimia ya urejelezaji imesimama palepale. Huenda watu wameanza kutumia vyombo vya kujaza upya, ambavyo havionekani kwenye hesabu ya urejelezaji.